Kusomea usanifu bila kufilisika

Kila ninapoandika jambo kuhusu nyumba au mpangilio wa chumba, hazipiti siku nyingi kabla sijapata ujumbe wa aina ileile: "Napenda kuchora, naweza kushinda nikiangalia ramani za nyumba, lakini ada ya chuo hatuiwezi. Nifanyeje?" Wengine wanaoniandikia ni vijana waliomaliza sekondari. Wengine ni watu wazima: mafundi seremala, mafundi rangi, washonaji wa mapazia ambao wateja wao huwauliza kochi likae wapi, nao hujibu vizuri tu bila cheti chochote. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo naandika jibu refu la wote, maana jambo hili nimelibeba tangu nilipokuwa mchoraji wa ofisini, nikinakili michoro ya waliosoma usanifu na kujiuliza lini na mimi nitaanza kusoma.

Ninachoamini ni hiki: maarifa yenyewe ya usanifu majengo na usanifu wa ndani leo yanapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote. Ghali ni vitu viwili. Cha kwanza ni mizigo inayozunguka masomo, ambayo mingi haina ulazima. Cha pili ni jicho la mtu mzoefu linalotulia juu ya kazi yako na kukwambia: mlango huu hautafunguka, rudia. Mizigo ikatwe bila huruma, na kila senti na kila saa itakayookolewa ipelekwe kwenye jicho hilo.

Mizigo kwanza. Aliyepita chuo cha usanifu anajua kwamba barua ya ada ni mwanzo tu. Kuna kompyuta yenye nguvu ya kubeba michoro ya pande tatu. Kuna leseni za programu. Kuna safari za kutembelea majengo. Kuna karatasi za A1, na A1 moja ni sawa na A4 nane. Ukishaprinti seti nzima kisha ukagundua kwamba ngazi imechorwa ikipanda upande usio wake, unaprinti upya. Kuna vifaa vya modeli, yaani mfano mdogo wa jengo: gundi, nyembe, mbao laini za povu, plastiki angavu ya kuigiza vioo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotajwa kwenye fomu ya kujiunga, na ndivyo vinavyowaondoa watu chuoni katikati ya safari, wakiwa wameshalipa ada ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Wiki ya kukusanya kazi ndiyo inayowatenganisha wenye nacho na wasio nacho. Walimu wengi hawalioni hilo kwa sababu wao hukutana na karatasi zikiwa zimeshabandikwa ukutani. Nilisoma na kijana mmoja ambaye hakuwa na kompyuta. Alikuwa akichora usiku kwenye kompyuta ya mwenzake, mwenye kompyuta akiwa amelala, na alfajiri anairudisha mezani imezimwa na kufutwa vumbi. Michoro yake ilikuwa safi kuliko ya wengi wetu. Modeli yake aliitengeneza kwa maboksi aliyoyaokota nyuma ya duka, akayakata polepole kwa wembe na rula ya chuma mpaka kingo zikanyooka kabisa. Mhadhiri akampunguzia alama kwa "ukamilishaji duni". Pembeni yake ilisimama modeli iliyokatwa kwa mashine ya leza, nyeupe, inang'aa, ya nyumba ambayo chumba chake kimoja cha kulala hakikuwa na dirisha. Hiyo ikasifiwa. Hukumu ile sijaikubali mpaka leo, na ndiyo iliyonisukuma nianze kufundisha.

Na historia ya fani yenyewe iko upande wa yule kijana. Miaka ya 1920, katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus nchini Ujerumani, mwalimu Josef Albers aliwapa wanafunzi wa darasa la mwanzo magazeti, akawataka watengeneze kitu bila kupoteza karatasi. Mmoja wa wanafunzi wake alisimulia baadaye kwamba kazi iliyosifiwa zaidi haikuwa ngome wala meli iliyokunjwa kwa ustadi. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa kwa urefu ikasimama wima yenyewe. Kitu laini kilikuwa kimegeuzwa kigumu kwa mkunjo tu. Ndiyo kanuni ileile inayolifanya bati lenye migongo libebe uzito ambao bati bapa haliwezi, na mwanafunzi aliijifunza kwa gazeti la jana. Mbao za povu zisingemwongezea chochote.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kupunguza gharama kinaweza kuanza bila kusubiri wizara wala mfadhili. Kiweke kanuni kwamba modeli zote za miaka ya mwanzo ni za maboksi, za wote, hata za mtoto wa mkandarasi. Michoro iwe A3, ambayo printa ya kawaida ya ofisi inaitoa. Kazi inayoendelea ioneshwe kwenye skrini, iprintiwe ya mwisho tu. Na makadirio ya gharama za vifaa kwa mwaka mzima yaandikwe kwenye fomu ya kujiunga, karibu na ada, ili mzazi au mwanafunzi ajue anaingia wapi. Haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji walimu wakubali kwamba uzuri wa karatasi na ubora wa wazo ni vitu viwili.

Sasa tuje kwenye jicho.

Watu wakitaka kumtia moyo asiye na ada humtajia Tadao Ando, msanifu wa Osaka nchini Japani. Alikuwa bondia ujanani, hakuwa na shahada ya usanifu, akafungua ofisi yake mwaka 1969 na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo inayoheshimiwa kuliko zote katika fani hii. Yote ni kweli. Lakini hadithi hiyo ikisimuliwa haraka inageuka kuwa ahadi ya uongo, kana kwamba shule haina kazi na kila mwenye kiu atafika. Ando alisoma. Alihudhuria madarasa ya usiku ya kuchora, akachukua kozi ya usanifu wa ndani kwa njia ya posta, akanunua kitabu kilichotumika cha kazi za msanifu maarufu Le Corbusier na kunakili michoro yake tena na tena. Kisha akasafiri kwenda kuyaona majengo yenyewe. Hiyo ni shule kamili, ila aliijenga mwenyewe kipande kwa kipande, na wengi hawawezi kuijenga peke yao.

Na wale wengine wanaotajwa kwamba hawakumaliza vyuo, ukichunguza utawakuta ofisini kwa mtu. Msanifu Mies van der Rohe, mtoto wa fundi mawe, hakwenda chuo kikuu. Lakini alifanya kazi kwa msanifu Peter Behrens, karibu na Berlin, na katika miaka ileile, kati ya 1908 na 1912, walipita katika ofisi hiyo hiyo Walter Gropius na Le Corbusier. Watatu hao ndio walioibadilisha sura ya majengo ya karne nzima, na wote walikaa kwenye meza ambapo mtu mkubwa kuwazidi angeweza kupita nyuma yao na kunyoosha kidole kwenye mstari. Hata Paris ya karne ya 19, katika karakana za wanafunzi wa shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts, wakongwe waliwafundisha wapya, na wapya waliwasaidia wakongwe kumalizia michoro yao mikubwa. Mwalimu mwenyewe alipita mara kwa mara tu. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake nyingi, ila jambo moja ulilijua: mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni mwalimu mzuri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena hagharimu kitu.

Darasa ninaloliendesha jioni na kundi dogo kwa simu limejengwa juu ya wazo hilo. Hakuna ada. Hakuna kompyuta mpaka mwanafunzi awe amechora kwa mkono kwa miezi kadhaa. Vifaa ni karatasi za A4, penseli, rula, futi ya kupimia, wembe na maboksi. Nieleze kazi ya kwanza kwa undani, kwa sababu ndani yake ndimo ninamoona kwamba fani hii inaweza kufundishika bila utajiri.

Mwanafunzi anapima chumba anacholala. Anapima kuta zote nne, kisha anapima mishazari, kutoka kona hadi kona, yote miwili. Mishazari ikitofautiana, kona za chumba si pembe mraba, na karibu kila chumba kiko hivyo. Wengi hushtuka hapo: ukuta walioishi nao miaka yote kumbe umepinda. Halafu anachora kwa skeli ya 1:20, yaani kila sentimita 20 za kweli zinakuwa sentimita 1 kwenye karatasi. Chumba cha mita 2.7 kwa mita 3 kinakuwa sentimita 13.5 kwa 15, na kinaenea kwenye A4 na nafasi ya kuandika vipimo inabaki. Mlango wa sentimita 80 unakuwa sentimita 4, na anauchora na tao lake la kufungukia. Kisha anachukua karatasi nyingine, anakata fanicha zake kwa skeli hiyo hiyo. Kitanda cha sentimita 120 kwa 190 kinakuwa kipande cha 6 kwa 9.5. Kabati, meza, kiti, ndoo kama ipo. Anavipanga juu ya ramani kama vilivyo, anapiga picha. Anavihamisha, anapiga tena.

Mwanafunzi mmoja, dada anayefanya kazi ya usafi mchana, alituma picha akaandika chini yake: "Sasa nimejua kwa nini kila siku naingia chumbani ubavu." Tao la mlango lilikuwa linagonga kona ya kitanda. Alikuwa amezoea kujipenyeza bila kufikiria. Alikisogeza kipande cha kitanda kwenye karatasi akakuta hakiwezi kuhama, maana dirisha liko mahali ambapo kichwa kingekaa, na akapendekeza mlango ufungukie upande wa pili, bawaba zihamie kulia. Hakuna mtu aliyemfundisha kanuni ya milango. Aliipata kwa vipande vya karatasi, na nilichofanya mimi ni kumuuliza swichi ya taa iko wapi, kwa sababu bawaba zikihama, swichi itabaki nyuma ya mlango. Akarudi akapima swichi.

Kazi ya pili hutumia duara. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji nafasi ya duara la kipenyo cha sentimita 150 hivi ili ageuke. Kwa skeli ya 1:20 hilo ni duara la sentimita 7.5, karibu sawa na mdomo wa kikombe. Kila mmoja analikata na kulitembeza kwenye ramani ya nyumba yao: kutoka mlangoni, kupita ukumbini, hadi chooni. Linakwama. Karibu kila nyumba linakwama mlangoni pa choo. Kuanzia siku hiyo hakuna anayechora choo bila kulitafuta lile duara kwanza, na nimeona watu waliofuzu vyuo vya gharama kubwa ambao hawana tabia hiyo.

Namna ya kukosoa ndiyo moyo wa darasa. Picha ipigwe mchana, kwa kutoka juu, rula ikiwa imelazwa kando ya mchoro ili anayetazama aweze kuhakiki skeli. Kabla hujatuma kazi yako, lazima uwe umeitolea maoni kazi ya mwenzako, na maoni yataje mahali: "dirisha la kaskazini" au "kona ya jiko". Maneno "nzuri sana, hongera" hayahesabiwi kuwa maoni. Kisha mimi, au mwenzangu mwenye uzoefu, naweka karatasi angavu juu ya picha iliyoprintiwa, nachora nikiongea, na kutuma sauti na picha. Dakika kumi za hivyo zina thamani kuliko mihadhara mingi ya video, na naona wanafunzi wakizisikiliza zaidi ya mara moja, maana maswali yao ya kesho yake yanarudi kwenye maneno yaleyale.

Video zenyewe na vitabu havina uhaba. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake kwenye intaneti bure, na masomo ya usanifu yamo. Tovuti ya Archnet ina hazina kubwa ya picha na michoro ya majengo ya ulimwengu wa Kiislamu, wazi kwa yeyote. Kilichonifurahisha kuliko vyote kilitokea mwaka 2016: msanifu Alejandro Aravena wa Chile, mwaka uleule aliopewa Pritzker, pamoja na ofisi yake ya ELEMENTAL, walitoa bure michoro ya miradi yao minne ya nyumba za gharama nafuu. Mmoja wapo ni Quinta Monroy, katika mji wa Iquique. Ruzuku ya serikali haikutosha kujenga nyumba nzima zenye ubora, basi wakajenga nusu ya nyumba: ile ngumu, yenye muundo, ngazi, jiko na bafu. Nusu ya pili ikaachwa wazi ili familia ijaze yenyewe kadiri inavyopata.

Michoro hiyo nimeigeuza kuwa zoezi la usanifu wa ndani. Mwanafunzi ananakili ile nusu iliyojengwa, kisha anapanga ile iliyo wazi kwa familia anayoijua: mama na watoto wanne, au mzee na wajukuu wawili na cherehani. Afanye awamu kwa awamu, kwa sababu pesa haiji kwa mkupuo. Nini kinajengwa kwanza? Chumba cha watoto au nafasi ya kazi inayoleta kipato? Mwanga utaingiaje kwenye chumba cha kati ukishaziba upande wa pili? Maswali haya yanafundisha usanifu wa ndani kuliko kubandika vipande vya rangi na vitambaa kwenye ubao, ambako kozi nyingi fupi za kulipia huishia. Kozi hizo zinanisikitisha. Mtu analipa akiba yake, anafundishwa majina ya mitindo na kuchanganya rangi, anatoka hajui kupima ukuta, hajui tofauti ya taa ya kelvini 2700, yenye mwanga wa manjano, na ya 4000, yenye mwanga mweupe, chumbani, hajui soketi ngapi ziwe jikoni na zikae umbali gani na sinki. Mteja wa kwanza anamuumbua.

Kuhusu kompyuta, ushauri wangu ni mfupi. Kampuni kubwa za programu hutoa leseni za bure kwa wanafunzi, lakini huwataka wathibitishe kwamba wamesajiliwa shuleni, na wanaoniandikia ni wale hasa ambao hawajasajiliwa popote. Hao waelekee kwenye programu huria, ambazo yeyote anazipakua bure: LibreCAD kwa michoro bapa, FreeCAD na Blender kwa pande tatu, Sweet Home 3D kwa anayeanza kupanga vyumba, Inkscape kwa kupamba karatasi za maonesho. Blender yenyewe ina historia inayonigusa. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa nyuma yake ilipofungwa, watumiaji walichanga euro 100,000 kwa wiki chache tu ili msimbo wake uwe huru, na tangu hapo yeyote anaipakua bila kulipa. Leo kuna nyongeza yake iitwayo Bonsai inayoweza kuandaa modeli za majengo kwa IFC, mfumo wa wazi ambao ofisi kubwa hubadilishana faili kwao. Waajiri wengi bado wanataja programu za kulipia kwenye matangazo ya kazi, najua. Lakini aliyeielewa ramani na mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, anahamia programu nyingine bila taabu kubwa. Asiyeielewa, programu ghali itamsaidia kuchora makosa kwa kasi.

Hadi hapa nimezungumzia kujifunza. Cheti na leseni ni habari nyingine, nami siwezi kuzipuuza, kwa sababu jengo baya linaua. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali na kubebeshwa viwanda vyenye jenereta nzito ambavyo halikukusudiwa. Ninapodai mlango wa fani ufunguliwe sidai kizingiti cha usalama kishushwe. Darasa langu la simu halimfanyi mtu awe msanifu majengo wala mhandisi, na nalisema hilo siku ya kwanza. Mahesabu ya nguzo, mabomba, moto, sheria za ujenzi, hayo yanataka chuo au ofisi yenye mtu anayebeba dhamana. Usanifu wa ndani katika nchi nyingi hauna masharti makali kama hayo, ndiyo maana wengi nawashauri waanzie huko, wapate kipato, kisha wasogee.

Swali basi ni nani alipie ile njia ndefu. Uingereza, kwa mfano, kuwa msanifu kumezoeleka kupita hatua tatu ambazo kwa kawaida hazipungui miaka saba. Tangu mwaka 2018 kule England kuna uanagenzi wa ngazi ya shahada: mwanafunzi anaajiriwa, analipwa mshahara, anasoma siku kadhaa, na ada haitoki mfukoni mwake. Boston nchini Marekani kuna chuo, Boston Architectural College, kilichoanza mwaka 1889 kama klabu ya wasanifu na kikajenga utamaduni wa kazi mchana na darasa jioni. Baadhi ya majimbo ya Marekani humruhusu mtu afikie leseni kwa miaka mingi ya kazi chini ya msanifu mwenye leseni, hata bila shahada rasmi ya usanifu, mradi afaulu mitihani ileile. Hizo ndizo njia ninazoziamini. Hazimpunguzii mtu mtihani, zinampunguzia njaa.

Masomo ya bure kabisa ni mazuri, ila yanataka mlinzi mwenye macho makali. Chuo cha Cooper Union cha New York kilianzishwa mwaka 1859 na Peter Cooper, mfanyabiashara ambaye mwenyewe alipata chini ya mwaka mmoja wa shule, na kwa miongo mingi wanafunzi wake wa usanifu, sanaa na uhandisi walisoma bila kulipa ada. Mwaka 2006 chuo kilikopa dola milioni 175, na mwaka 2009 kikafungua jengo jipya la kifahari lililosanifiwa na ofisi ya msanifu Thom Mayne. Madeni yakasaidia kuibomoa ile bure: kuanzia mwaka 2014 wanafunzi wapya wakaanza kulipa. Chuo kimekuwa kikipanda ngazi kurudi, na mwaka 2024 kilitangaza kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawatalipa ada. Kila ninapoona chuo cha usanifu kinajivunia jengo jipya la kioo huku kikipandisha ada, naikumbuka habari hiyo na kuumia. Karakana ya mabati yenye mwanga mzuri na walimu wawili zaidi ingefundisha watu wengi zaidi.

Kwa mafundi wanaoniandikia nina jina moja la kuwapa. Msanifu Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani, na ufadhili huo ulikuwa wa kujifunza useremala. Akasoma sekondari kwa madarasa ya jioni, akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, na akiwa bado mwanafunzi akachangisha pesa za kujenga shule ya msingi kijijini kwao. Ilikamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo na mikono ya wanakijiji, paa la bati likiwa limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Shahada aliipata mwaka 2004, shule ikiwa tayari inatumika. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker. Mlango wake wa kuingilia ulikuwa randa na msumeno. Vyuo vingi leo vingemwambia fundi seremala wa miaka ishirini na kitu kwamba cheti chake hakina alama za fizikia, vikafunga faili. Vitazame mikono ya watu hao. Seremala aliyejenga kabati kumi anajua mambo ya maungio ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu bado anayasoma kwenye slaidi. Apewe nafasi ya kuingia kwa potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zake, na mahojiano, na masomo ya hesabu afundishwe akiwa ndani.

Mwisho niwageukie wenzangu tulio kazini. Kila mmoja wetu anaweza kutazama mchoro wa mtu mmoja kwa juma. Saa moja inatosha. Usimtumie orodha ya vitabu, anazo. Tazama ramani yake, tafuta jambo moja linalofanya kazi na ulitaje, tafuta moja lisilofanya kazi na umuulize swali litakalompeleka akapime tena. Kama una ofisi na unachukua vijana wa mafunzo, walipe, hata kama ni nauli na chakula kwa kuanzia, kwa sababu nafasi isiyolipwa huchukuliwa na yule ambaye wazazi wake wanaweza kumlisha, na mwenye uwezo zaidi anabaki nje. Na zile sampuli za vigae, mbao, vitambaa na rangi ambazo wauzaji hutuletea kila msimu tukazitupa, ziwekeni kwenye boksi. Wanafunzi wangu wanajifunza maunzi kwa kuyashika, na hakuna skrini inayoonesha ubaridi wa kigae.

Darasani kwetu kwa sasa anayesaidia kukosoa ni msanifu mmoja mstaafu, mhandisi mmoja wa miundo anayejitokeza kila tunapochora ngazi, na seremala ambaye maoni yake kuhusu makabati ndiyo yanayoogopwa kuliko ya wote. Tunayemkosa ni fundi umeme. Michoro ya taa na soketi inarundikana, mimi naweza kuwaambia taa ikae wapi ili uso usipate kivuli mbele ya kioo, lakini mzigo wa saketi na ukubwa wa nyaya vinahitaji mtu wa kazi hiyo. Kama ni wewe, au unamfahamu aliye mvumilivu na anayeweza kurekodi sauti za dakika kumi jioni moja kwa juma, niandikie.